Shajara ya mradi: kuitafuta Redio Cairo ya Kiswahili kwenye makaratasi ya nchi tatu

Kwa anayeanza kusoma: mradi wenyewe ni kujenga ratiba ya matangazo ya Kiswahili ya Redio Cairo tangu yalipoanza 1954 mpaka Mapinduzi ya Unguja Januari 1964, yaani kilirushwa nini, saa ngapi, kilisikilizwa wapi, na serikali za kikoloni zilihangaika nacho vipi. Ndani yake kuna kituo cha pili, Sauti ya Afrika Huru, kilichotokea 1957 kikidai kiko katikati ya Afrika kumbe mitambo iko hukohuko Misri. Kanda za sauti sina na sijakutana na mtu anayezo. Enzi hizo kanda ni ghali, vipindi vingi vinaenda moja kwa moja hewani, na kilichorekodiwa mara nyingi kinafutwa ili kanda itumike tena, kwa hiyo kazi yote hii ni kuitafuta redio kwenye karatasi. Naandika gharama na yaliyokwama ili mwingine asianzie sifuri.

14 Juni 2023, Dar

Nyaraka za Taifa, Upanga. Barua ya utambulisho, kibali, fomu, hayo ya kawaida sitayarudia. Kilichonikwamisha ni katalogi. Nilianza na neno broadcasting nikidhani ndo mlango wenyewe, nikaletewa mafaili ya majengo ya studio, mitambo, leseni za redio, mambo ya Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza 1951. Mtu wa mitambo angefurahi, mimi Cairo siioni. Nikaagiza mengine ya namna hiyohiyo, wiki ikaisha.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa pale aliyekuwa ananiletea mafaili kwa toroli. Akaniuliza, "Kaka, kwani unatafuta redio ya serikali au redio iliyokuwa inaisumbua serikali?" Nikamwambia ya pili. "Sasa mbona unaitafuta kwenye idara ya redio? Nenda kwenye usalama."

Hapo ndo mradi ulianza kweli. Karani wa kikoloni hakuipanga Cairo chini ya redio, aliipanga chini ya kile alichokuwa anakiogopa. Ukitafuta Egypt, propaganda, subversive, Nasser (rais wa Misri), intelligence summary, unaanza kuona kitu. Redio hii haikuacha kumbukumbu kwa aliyeirusha wala kwa aliyeipenda, imeacha kwa aliyetaka inyamaze, na ukishalikubali hilo unajua pa kuchimba na unajua pia kwamba kila unachokisoma kimeandikwa na mtu aliyekasirika.

Gharama: fotokopi Sh 38,000, na daladala za kila siku. Fotokopi ni ghali kuliko picha, ila kamera ina sheria yake kila nyumba, uliza kabla hujatoa simu mfukoni.

9 Julai 2023, Mlimani

Magazeti kwenye mkusanyiko wa East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikuja na wazo zuri sana kichwani: magazeti yalikuwa yanachapa ratiba za redio, basi nitapata saa za Cairo kirahisi. Wapi. Katika namba nilizopitia ratiba ni za vituo vya hapa nyumbani, Cairo haipo, na ukifikiria ni kweli, nani angemtangazia adui bure?

Dawa niliipata mtandaoni tena bila kulipa. Kuna kitabu cha mwaka kinaitwa World Radio Handbook, kilianza Denmark miaka ya 1940, kinaorodhesha vituo vya dunia nzima, masafa, lugha na saa. Namba nyingi za zamani zimeskaniwa. Kilikuwa cha watu wenye ugonjwa wa kukamata stesheni za mbali usiku, hakikuwa na siasa, kwa hiyo ni shahidi mzuri. Angalizo moja: ratiba ni ahadi tu. Inasema kituo kilipanga kurusha nini, haisemi kilirusha.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo ni Novemba 1956. Wakati wa vita vya Suez ndege za Uingereza zilipiga mitambo ya Redio Cairo pale Abu Zaabal tarehe 2 mwezi huo. Kitabuni Cairo inaendelea kuonekana kama kawaida.

6 Septemba 2023, Unguja

Boti kwenda na kurudi Sh 60,000, chumba cha Mwembetanga kwa bei ya kuombana. Nyaraka za Taifa Zanzibar ziko Kilimani, na hili mtu wa bara alijue mapema: kibali cha utafiti cha bara hakikufikishi huko, Zanzibar ina utaratibu wake na kibali chake. Anza kukiomba ukiwa bado Dar. Mimi nilibahatika kuambiwa na rafiki, nikakikuta tayari.

Hapa ndo pametoa kingi kuliko nilivyotegemea. Mafaili ya Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, yale yanayoanza na AB, yana muhtasari wa hali ya siasa, na redio inachomoza katikati ya mambo mengine kabisa, aya moja kuhusu karafuu, aya moja kuhusu skuli, halafu sentensi mbili kuhusu watu kukusanyika kusikiliza Cairo. Katalogi haiwezi kukuonyesha sentensi mbili, kwa hiyo ni kusoma ukurasa kwa ukurasa. Faili lenyewe limeshonwa kwa uzi pembeni, juu kuna karatasi ya maoni ambapo kila ofisa anaandika mstari mmoja kwa mkono wake na kumsukumia mwenzake, chini kuna nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Msisome za chini tu. Barua rasmi inaficha, ule mstari wa kalamu wa juu ndo unasema ofisa alifikiri nini.

Magazeti ya Unguja nayo yanasaidia kwa njia ya pembeni. Mwongozi la Ali Muhsin Barwani wa chama cha Hizbu na Afrika Kwetu la upande wa Afro-Shirazi hayakuwa yakielewana kwa lolote, kwa hiyo ukiona jambo limetajwa na yote mawili ujue lilikuwa linazungumzwa mitaani. Na kumbukeni mwaka: 1954 ambayo Cairo inaanza Kiswahili ndo hiyohiyo viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa uchochezi kwa yaliyoandikwa kwenye gazeti lao, Al-Falaq. Ukiweka matukio haya mawili kwenye mstari mmoja wa shiti yangu ya Excel, hofu ya serikali kuhusu redio inaeleweka vizuri zaidi kuliko ukisoma faili la redio peke yake.

Jioni moja nilipelekwa barazani Malindi kwa mzee aliyekuwa kijana wakati huo. Shikamoo, marahaba, nikatoa ratiba yangu ya kitabuni kwa kujiamini. Mzee akaitazama, akairudisha. "Mwanangu, sisi tulikuwa hatuna habari ya mita wala saa hizo. Watu wakishasali Isha wanakwenda zao pale penye redio, kahawa inapita, anasikiliza huyu na yule. Redio moja, watu mtaa mzima." Nikamuuliza kuhusu Ahmed Rashad Ali, Mzanzibari aliyekuwa sauti kubwa ya Cairo, akacheka akasema huyo sauti yake hata mtoto angeitambua.

Nimeliandika hilo la Isha kwenye shiti siku ileile. Litaonekana chini kwa nini.

20 Novemba 2023, Nairobi

Basi usiku kucha, karibu laki kwenda tu, mpakani Namanga foleni. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko katikati ya mji, Moi Avenue, kwenye jengo la zamani lililokuwa benki, huwezi kupotea. Mafaili ya Wizara ya Habari yapo, na ya Mkoa wa Pwani, PC/Coast, ambayo ndo niliyoyafuata kwa ajili ya Sauti ya Mvita, kituo cha Mombasa ambacho serikali ilikitegemea kuwavuta wasikilizaji wa pwani wasiende Cairo.

Kilichofeli: nilipanga kutafuta Cairo kwenye mafaili ya Mau Mau, maana hali ya hatari ilikuwa 1952 mpaka 1960 na Cairo ilikuwa inaitetea Kenya waziwazi. Mafaili ni mengi mno na niliyoyaona yanazungumza msitu, kambi na vijiji, redio hamna. Pwani ndo kuna redio. Waingereza wa Kenya walikuwa na hofu mbili tofauti kwenye makabati mawili tofauti, na mtafiti ukichanganya kabati unapoteza siku zako.

Kingine kilichofeli ni cha kijinga lakini kitawapata wengi. Nilikuwa natuma picha za kurasa kwa mdogo wangu Dar aziweke kwenye kompyuta, natuma kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp inazifinya. Kwenye simu zinaonekana safi, ukizikuza herufi za kaboni zinakuwa moshi, na tarehe na saa ya kupigwa picha imepotea. Simu yenyewe ilishajaa na nilishafuta za mwanzo. Ikabidi nirudi kuomba mafaili yaleyale. Sasa hivi natuma kama dokumenti au sitoi kabisa kwenye kadi mpaka nifike kwenye laptop, na nina fleshi mbili zinazokaa nyumba mbili.

Utaratibu wa picha uliobaki mpaka leo: picha ya kwanza ya kila faili ni jalada lenye namba yake, ya pili ni kikaratasi nilichoandika tarehe na mahali, ndo kurasa zifuate. Ukiona IMG_4471 miezi sita baadaye unarudi nyuma mpaka ukutane na jalada, umepona.

18 Januari 2024, makaratasi ya visa

Uingereza. Nina shangazi Reading, bila yeye mradi ungeishia Namanga. Visa ya matembezi wakati huo ilikuwa pauni 115, kama laki tatu na sabini, tiketi milioni mbili na nusu.

Tatizo halikuwa visa, ni kadi ya kusomea pale The National Archives, Kew. Kadi ni bure lakini wanataka vitambulisho viwili, kimoja cha jina na kimoja cha anwani ya unapoishi. Sasa Mtanzania wa kupanga ana kitu gani chenye jina lake na nyumba yake? LUKU ya umeme iko kwa jina la mwenye nyumba. Maji vilevile. Barua zangu zote ni S.L.P., na sanduku la posta siyo nyumba. Nilizunguka na hili mpaka nikaenda benki na namba ya nyumba ile ya anwani za makazi iliyobandikwa mlangoni, nikawaomba waibadilishe kwenye akaunti halafu wanipe taarifa ya akaunti yenye mtaa na namba. Ikakubalika. Fanyeni hili mwezi kabla ya safari, msisubiri.

11 Machi 2024, Kew

Toka Reading unapanda treni ya Waterloo unashukia Richmond, unaingia District Line kituo kimoja tu mpaka Kew Gardens, unatembea. Jumapili na Jumatatu wamefunga. Ndani ni penseli tu, kalamu hapana, begi na koti unaacha kabatini, vitu vyako unabeba kwenye mfuko wa plastiki unaoona ndani. Picha unapiga bure kwa simu yako, na hilo peke yake limeokoa laki kadhaa.

Kwa anayefuata njia hii: mafaili ya Afrika Mashariki ya Wizara ya Makoloni ni CO 822. Ya idara yao ya habari na propaganda, 1952 kwenda mbele, ni CO 1027, na hii ndo ilikuwa mgodi. Mambo ya Misri yenyewe yako FO 371, ya Wizara ya Mambo ya Nje. Kitu kimoja kinaweza kuwa na nakala kote kutatu, na maoni ya kalamu yanatofautiana kwa sababu wizara mbili hazikuwa na uchungu sawa: wa makoloni wanataka hatua, wa mambo ya nje wanaangalia uhusiano na Cairo.

Mjadala mtamu kuliko yote ni ule wa kuvuruga mawimbi. Kuirushia Cairo makelele kungewezekana kiufundi, lakini Uingereza hiyohiyo ilikuwa inailaumu Urusi kwa kuvuruga BBC, na pia ni nani alipe? Unasoma maofisa wakizunguka humo na huku unaona njia nyingine ikikua, ile ya kuijibu redio kwa redio. BBC ikaanza Kiswahili Juni 1957. Watu wengi tumekua na Idhaa ya Kiswahili kama kitu cha nyumbani, mimi mwenyewe baba alikuwa hali bila kuisikiliza, na sisemi ilianzishwa kwa ajili ya Cairo tu, lakini usisome miaka ile bila Cairo pembeni.

Halafu FCO 141, mafaili yaliyotolewa kwenye makoloni yenyewe. Hadithi yake ifahamike. Kabla ya uhuru maofisa waliagizwa, 1961, wasiwaachie serikali mpya karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza, nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa na kufichwa Hanslope Park, hukohuko Uingereza. Zilikuja kukubaliwa kuwepo 2011 wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, na zikaanza kufunguliwa Kew 2012. Kwa hiyo mtafiti wa redio ya Unguja au Dar lazima apite humo, maana lile faili linalokosekana Upanga au Kilimani linaweza kuwa halikupotea, lilipanda meli.

Lakini hata humo kuna mashimo. Unafungua, unakuta badala ya ukurasa kuna karatasi inayosema umezuiwa chini ya kifungu cha 3(4) cha Sheria ya Nyaraka za Umma ya 1958. Usikubali kirahisi. Mtu yeyote duniani anaweza kuomba kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya kule, bure, kwa imeili, na wana siku 20 za kazi za kujibu. Ukurasa uliozuiwa na wizara unauomba wizarani. Nimeomba kurasa za mafaili mawili.

22 Machi 2024, Caversham

Karibu sana na kwa shangazi, natembea. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. BBC Written Archives Centre ni nyumba ndogo ya kumbukumbu za BBC yenyewe, unaandika kwanza, unapewa siku. BBC Monitoring, waliokuwa wanasikiliza redio za dunia, walikaa kwenye jumba kubwa la Caversham Park mpaka 2018. Nilichokitaka zaidi ni kazi ya hao wa pili, Summary of World Broadcasts, ambayo kwa bahati ipo pia maktaba kubwa kwa maikrofilamu. Cairo ya Kiswahili niliikuta sehemu ya nne, humo na redio za Waarabu. Wamarekani nao walikuwa na yao, FBIS, iliyokuwa chini ya CIA, imeingizwa kwenye kompyuta ila ni ya kulipia, rafiki aliye chuo chenye usajili ndo amenitolea.

Sasa ubaya wake. Msikilizaji wa Monitoring analipwa kuokota kilicho na siasa. Nusu saa ya hewani inatoka aya moja ya Kiingereza. Salamu, kaswida, taarabu, utani, ile sauti aliyoicheka mzee wa Malindi, vyote vimekwenda. Ukitegemea muhtasari huu peke yake utaamini Cairo ilikuwa inatukana Waingereza dakika thelathini bila kuvuta pumzi, na hakuna binadamu angekunywa kahawa akisikiliza hivyo kila usiku kwa miaka kumi. Kwa hiyo kwenye shiti nimeweka safu inayosema "aliyeandika ni nani na alitaka nini", na inajazwa kila mstari hata kama inachosha.

30 Juni 2024, balaa la saa

Hili limekula mwezi. Nilipounganisha Unguja, Nairobi, Kew na kitabu cha masafa kwenye Excel moja, matangazo ya jioni moja yakawa yanatokea mara tatu kwa saa tofauti kana kwamba Cairo ilikuwa hairudi kulala.

Sababu: Monitoring na kitabu wanaandika GMT, saa ya Greenwich. Faili la Nairobi linaandika saa ya hapa kwa mtindo wa Kizungu. Gazeti linaandika saa ya Kiswahili. Cairo yenyewe ina saa yake. Saa 2 na nusu usiku ya gazeti ni 20:30 ya faili, ni 19:30 Cairo (nje ya miezi wanayosogeza saa mbele), ni 17:30 GMT. Na wapo makarani walioandika tu "8.30" bila kusema ni ipi, na 8.30 kwa Mswahili ni mchana.

Nilijaribu kuandika fomula ya kubadili zote, ikaharibu zaidi kwa sababu ya hizo zisizojulikana. Kilichofanya kazi ni kuacha safu moja iwe kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, na safu ya pili GMT ninayoijaza kwa mkono pale tu nina uhakika. Zilizobaki tupu ziko tupu. Na za utata nikazipima kwa ile Isha ya mzee: Unguja Isha haihami sana mwaka mzima, iko karibu saa moja na nusu usiku, kwa hiyo "baada ya Isha" inaniambia saa hiyo isiyojulikana iko upande gani. Mistari mingi iliyokuwa imekwama imesimama kwa njia hiyo.

25 Agosti 2024, kuchapa

Tesseract, programu ya kugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, ina Kiswahili, ni ya bure, na kwenye magazeti yaliyochapwa vizuri inafanya kazi ya kuridhisha. Kwenye nakala za kaboni ni takataka, hata ukigeuza picha nyeusi na nyeupe na kuongeza kontrasti. Nimeacha kushindana nayo. Mdogo wangu anachapa kwa mkono kwa Sh 500 ukurasa, na mimi napitia. Tumeweka sheria moja: neno lisilosomeka linawekwa alama, halikisiwi.

3 Oktoba 2024, ilipofikia

Shiti imefika mahali unaweza kuifuata miaka ya 1957 mpaka 1959 karibu mwezi kwa mwezi. 1954 na 1955 ni nyembamba sana, sababu mojawapo ni kwamba serikali zilichelewa kushtuka. 1963 ina vipande.

Kurasa za kifungu 3(4): faili moja wamefungua, nusu yake ilikuwa majina ya watu na nusu ni mambo ambayo Kilimani yako wazi siku zote. Faili la pili wamekataa, nimeomba wapitie upya.

Cairo yenyewe bado. Niliandika kwa ofisi moja kule nikaambiwa kuna ruhusa ya usalama inayotangulia, tangu hapo kimya. Sijakata tamaa ila sitajenga ratiba ya mradi juu yake. Nimegeukia Muscat, kwa sababu Wazanzibari wengi walihamia Oman baada ya 1964 na watu hubeba magazeti ya nyumbani hata wakiacha vyombo. Mwenye namba za Mwongozi za 1958 kabatini kwa babu yake, hata zilizoliwa na mchwa, nitalipia kuskani na nakala safi atabaki nayo yeye. Tiketi ya Muscat nimeangalia, inasubiri mwezi wa pili bei zikishuka.